Babu wa Ukutani

Juma lililopita tuliachana kijiko kikiwa hewani, na najua wapo walionilaani mpaka Jumatano. Mama mmoja amemwandikia mhariri barua nzima kusema mimi nina roho mbaya. Nimeisoma, Mama. Mke wangu naye ameisoma, na amekubaliana na wewe. Haya, kijiko chako hicho kinaanguka.

Kilitua kwenye bakuli la supu, supu ikaruka na kuchafua tai ya mkaguzi. Bibi Kofia hakuiona tai wala hakuomba radhi. Alikuwa amesimama wima, kidole kimenyooka kuelekea ile picha kubwa ya ukutani, na maneno aliyoyatamka ni yale yale niliyowaachia.

"Yule ni babu yangu."

Kwa wewe uliyelinunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, pengine kwa ajili ya kufungia karanga, nikupe habari kwa ufupi. Wengine mnivumilie. Tupo kwenye nyumba ya shambani ya Mama Funguo, saa moja kwa gari kutoka mjini, ghorofa moja, vyumba sita, michungwa mbele na maboga nyuma. Wageni wanaokuja kutembea kisiwani kwetu hulala humo siku mbili tatu, hula kwa uma na kisu, huonyeshwa vivutio, kisha hurudi kwao kuwatangazia wenzao kwamba kisiwa wamekijua chote.

Mama Funguo ni mjane wa miaka hamsini na kitu, na jina kalipata kwa lile fungu la funguo linalomlilia kiunoni kutwa nzima. Leo mchana anamlisha mkaguzi kutoka ofisi ya vibali, bwana mwembamba mwenye mkoba mnene. Mkaguzi akiona mambo yako sawa, kibali cha kulaza wageni kinaongezwa miaka mitano. Asiporidhika, geti linafungwa kesho. Mama hana duka, hana pensheni, hana mtoto ughaibuni. Ana nyumba hii basi.

Mezani walikuwa wanne tu. Mama, mkaguzi, Bibi Kofia ambaye ni mgeni wa chumba cha juu na kofia yake haivuliwi hata mbele ya supu, na wa nne ni Profesa.

Huyu Profesa ni shemeji yake Mama, mdogo wa marehemu mumewe. Kazi yake ni kutembeza wageni, na kitambulisho cha kazi hakimtoki shingoni hata akienda kuoga. Jina alijipa mwenyewe, watu wakalikubali ili yaishe. Ndiye aliyegundua kwamba lile tanuri bovu la chokaa njiani ni Pango la Maharamia. Ndiye anayewasimamisha wageni mbele ya Jiwe la Wapenzi Waliokataliwa na kuwatoa machozi, jiwe ambalo mimi kwa macho yangu nililiona likishushwa na lori la watengeneza barabara, likasahaulika.

Na ndiye aliyemleta Bwana Mkubwa.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na moja iliyopita Profesa alikwenda kununua feni ya mtumba kwa muuza vitu chakavu, na muuzaji akamwongezea picha ya mzee mmoja mwenye masharubu ili tu aondoke nayo. Feni ilikufa wiki ile ile. Picha ikapandishwa cheo. Yule mzee akawa Bwana Mkubwa, tajiri aliyekuja kisiwani akajenga nyumba hii kwa mikono ya mafundi mia moja, kwa ajili ya mchumba ambaye hakutokea. Mchumba alitiwa baadaye, wageni walipoanza kusinzia katikati ya hadithi.

Hadithi ikaingia kwenye kipeperushi. Ikaingia ukurasa wa kwanza wa kitabu cha wageni. Ikaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kibao cha getini. Wageni wakaongezeka, na kila mtu akawa na furaha, hasa Bwana Mkubwa, maana alitoka kwenye banda la vyuma akaja kuning'inia juu ya meza ya watu wenye heshima.

Sasa rudi mezani. Mtu mwenye akili angesema, bibi, pengine umemfananisha. Watu wenye masharubu ni wengi. Mama Funguo alikuwa ameshafungua mdomo kusema hayo hayo. Lakini Profesa na akili ni majirani wasiosalimiana.

Aliinuka, akazunguka meza, akamkumbatia Bibi Kofia, kofia ikapinda.

"Basi sisi ni ndugu," akasema. "Bwana Mkubwa alituachia nyumba hii tuitunze mpaka damu yake irudi. Na leo imerudi."

Hapo alijiona amefunga goli. Mgeni aliyeguswa moyo hutoa bahashishi nono, na mkaguzi anayeona mgeni analia kwa furaha ataandika nini zaidi ya pongezi? Mama alimkanyaga mguu chini ya meza, kwa bahati mbaya akaukanyaga wa mkaguzi, naye mkaguzi akamtazama kwa jicho la kuuliza hivi hii nayo ni sehemu ya huduma.

Bibi Kofia alilia. Simcheki kwa hilo, maana machozi yake hayakuwa ya bandia. Alitoa kwenye mkoba wake picha ndogo iliyochakaa kwenye kona, akaiweka mezani, na kweli alikuwa ni yeye, masharubu yale yale, sikio lile lile lililochomoza. Akaeleza kwamba babu yake aliishi kisiwani humu miaka sita akifanya kazi ya karani, akaondoka anaumwa, na nyumbani kwao walikuzwa wakiambiwa kwamba aliacha nyumba. Nyumba gani, hakuna aliyejua. Mama yake mzazi amefariki mwaka jana akiitaja. Ndiyo maana yeye amekuja kutembea, na wiki tatu sasa anahama nyumba moja ya shambani hadi nyingine, anakula kwenye meza za watu asiowajua huku akikodolea macho kuta zao.

Mkaguzi akampa kitambaa. Mama Funguo naye akajikuta machozi yanamlenga, maana kufiwa anakujua. Akampigapiga mgongoni, akamwambia pole mwanangu, umefika.

Bibi Kofia akafuta macho, akamshika Mama mikono yote miwili.

"Mama, nashukuru sana kwa kunitunzia nyumba yangu."

Mama alidhani ni adabu za kwao. Wageni wana shukrani za ajabu, mmoja aliwahi kulishukuru bafu. Akajibu karibu sana, jisikie uko nyumbani. Bibi Kofia akasema ndiyo, ndivyo anavyojisikia. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza ni vyumba vingapi ambavyo familia ya Mama inavitumia, na je, mwisho wa mwezi utawatosha kuhamisha vitu, maana yeye hataki kumsumbua mtu.

Mkaguzi aliacha kutafuna.

Profesa alicheka, kile kicheko cha mtu anayesubiri wenzake wacheke. Hakuna aliyemfuata.

Jamani, nisikilizeni. Kwa miaka kumi na moja familia hii imeamka kila asubuhi ikawaapia watu wa mataifa yote kwamba nyumba si yao. Imewapigia chapa nakala elfu tatu za kipeperushi, karatasi ya kung'aa. Sasa amekuja mtu mmoja aliyewaamini, wanashangaa.

Mama alijikakamua, akasema kwamba kuna kosa dogo, nyumba ni ya familia yao. Mkaguzi, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali mabaya kwa wakati mbaya, akauliza kama anaweza kuiona hati. Mama akajibu hati inafuatiliwa. Tangu lini? Tangu marehemu akiwa hai. Marehemu alifariki lini? Mwaka wa kumi na nne sasa. Mkaguzi akatikisa kichwa bila kushangaa, maana naye ni mtu wa ofisi.

Bibi Kofia yeye karatasi anazo. Akafungua kipeperushi, akakilaza karibu na picha ya babu yake. Akafungua simu akaonyesha kibao cha getini alichokipiga picha siku aliyofika, maandishi yanasomeka hadi nukta: NYUMBA HII ILIJENGWA NA BWANA MKUBWA. Akamkumbusha Profesa kwamba si dakika kumi zilizopita amesema waliachiwa waitunze. Mwanamke huyu hakuwa na hasira hata chembe. Ndicho kilichomtisha Mama.

Mkaguzi akasukuma sahani pembeni. Akatoa kalamu.

"Mama, nataka jibu moja," akasema. "Kipeperushi chako kinasema kweli, au hakisemi?"

Unaliona shimo, msomaji? Akisema ni kweli, nyumba inakwenda na Bibi Kofia. Akisema ni uongo, kifungu cha kwanza cha masharti ya kibali kinasema mwenye kudanganya wageni kwa maandishi anafungiwa, na mkaguzi alikuwa ameshakisoma kifungu hicho kwa sauti asubuhi, kabla ya chai, kana kwamba aliota. Mama akaomba ruhusa akaangalie kuku asiungue. Kuku alikuwa ameshaiva tangu saa sita.

Jikoni Profesa akamfuata mbio. Huko ndiko alikoongea kwa pupa, kwa kunong'ona, akimshika shemeji yake bega. Kwamba asikiri kitu. Kwamba yule bibi anaishi mbali, hawezi kuja kukaa hapa na maboga, atahitaji watu wa kuiendesha nyumba, na nani mwingine kama si wao? Kwani asubuhi pale kwenye Pango la Maharamia si alimwambia Profesa kwamba angekuwa na nyumba kisiwani angempa yeye aisimamie? Watabaki humu humu, kibali kitabaki, kila kitu kitabaki. Kitabadilika kikaratasi tu.

Mama alikuwa anatazama dirishani. Nje, kwenye tuta la maboga, mzee mmoja alikuwa anapalilia, taratibu, mgongo umempinda.

"Na baba?" akauliza.

"Baba atabaki mtunza bustani," Profesa akajibu. "Kama kawaida."

Sasa hapa naomba nivue utani kidogo, maana nimekasirika. Yule mzee kwenye maboga ndiye baba yao. Baba mzazi wa Profesa, baba mkwe wa Mama Funguo, fundi muashi aliyeijenga nyumba hii. Mafundi mia moja wote wa Bwana Mkubwa ni yeye mmoja, na pilau la mchanga na saruji alilikoroga peke yake kwa miaka tisa, kila Jumapili, kila likizo, kila alipotoka kujenga nyumba za watu. Mama aliolewa nyumba haina ngazi. Alipanda chumbani kwake usiku wa harusi kwa kukanyaga miti ya jukwaa. Ngazi ilipojengwa, yeye ndiye aliyemtekea maji, akiwa na mimba ambayo haikukaa, na mzee ndiye aliyemlazimisha apumzike na akambebea ndoo mwenyewe.

Lakini wageni hawasafiri bahari zote hizo kuja kulala kwa muashi, ndivyo Profesa alivyosema miaka kumi na moja iliyopita. Tena mzee akikaa barazani na mikono yake ile iliyopasuka, Bwana Mkubwa atakaa wapi? Basi mzee akahamishiwa chumba cha uani, akapewa kofia ya majani, akawa mtunza bustani. Akafundishwa na maneno ya kusema. Kila kundi la wageni likifika kwenye maboga, Profesa humwita, humwambia, "Mzee, waambie wageni ukweli, nani aliijenga nyumba hii?" Naye mzee huvua kofia na kujibu kama alivyofundishwa, wageni wakampiga picha.

Mama Funguo naye simtetei. Alikubali. Siku ile ya kwanza mzee alimuuliza jambo moja tu, kama akiwa mtunza bustani wageni wataongezeka. Mama akasema ndiyo, baba, wataongezeka. Mzee akasema basi. Hajawahi kuuliza tena.

Pale jikoni Mama alilirudia jibu la shemeji yake. Kama kawaida. Alimwangalia Profesa kwa muda, akaona sura ya marehemu mume wake iko usoni pale lakini mwenyewe hayumo, akajifuta mikono kwenye kanga, akarudi mezani bila kuku.

Hakukaa. Akasema kipeperushi ni uongo.

Akaendelea kwa sauti ya chini, mfululizo, asije akaogopa katikati. Kwamba picha ilikuja na feni. Kwamba hakuna mafundi mia wala mchumba. Kwamba nyumba imejengwa na baba mkwe wake, muashi, na wao wawili wamekula kwa jasho lake huku wakimficha, na kama mkaguzi atafunga geti na afunge, atauza machungwa barabarani.

"Nimemwonea aibu mtu aliyenijengea chumba," akasema. "Leo naona aibu ya hiyo aibu."

Mkaguzi aliandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Profesa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kuku, uso umemkauka.

Ungedhani Bibi Kofia angeguswa. Mimi nilidhani hivyo, na ndiye ninayeandika. Lakini mjiweke kwenye kofia yake. Ameambiwa ndugu, amekumbatiwa, amelia mbele ya watu, ameambiwa damu imerudi. Ametaja nyumba, ghafla babu yake amekuja na feni. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba anaelewa kwa nini Mama anabadili maneno, hata yeye angekuwa hatarini kufukuzwa angebadili. Ila kuna mtu mmoja ambaye hadithi hii ni kazi yake. Akamgeukia Profesa.

"Wewe ndiye uliyenisimulia. Ulikuwa unanidanganya?"

Hebu mtazame Profesa na sinia lake. Kitambulisho cha kutembeza wageni kinatolewa na ofisi ile ile ya mkaguzi, na kinaweza kurudishwa ofisini kabla kuku hajapoa. Upande mmoja kuna cheo cha msimamizi wa nyumba ya Bibi Kofia. Upande wa pili kuna baba yake anapalilia maboga. Alikitazama kitambulisho. Akamtazama mkaguzi. Nje hakutazama.

"Mimi sijawahi kumdanganya mgeni," akasema.

Mama aliita jina lake, lile alilopewa na wazazi, si la Profesa. Hakuitika. Akaendelea kwa ile sauti yake ya pangoni, kwamba shemeji yake amechanganyikiwa tangu afiwe, wamuonee huruma. Kwamba yule mzee wa nje ni mfanyakazi wa siku nyingi, mtu mwema sana, lakini mfanyakazi. Alisema hivyo, jamani. Alimkana baba yake akiwa ameshika sinia la kuku, na hakuna tone la mchuzi lililomwagika.

Mama alishika kiti. Nilivyomjua mimi, angemrushia sinia. Badala yake akamwambia mkaguzi kwamba maneno yake na ya shemeji yake yanagongana, basi aulizwe aliyejenga. Yupo hai, yuko hatua thelathini kutoka hapa. Anakijua kila kipimo cha kila ukuta. Asimwamini yeye wala Profesa, amwamini huyo.

Mkaguzi akakubali. Akasema yeye si hakimu, lakini ataandika atakachosema mzee, mzee ataweka alama yake, na karatasi hiyo itakwenda ofisi ya ardhi pamoja na kipeperushi. Bibi Kofia naye akakubali, akasema mzee akiikana hadithi ya Bwana Mkubwa, yeye ataondoka kesho na hatawasumbua tena. Hata kofia aliivua aliposema hivyo, na hapo ndipo tukajua alikuwa na mvi.

Basi Mama akageuka kwenda kumwita baba mkwe wake. Moyo ulikuwa umemrudia mahali pake. Alishafika mlangoni.

"Kaa hapo hapo, Mama," mkaguzi akamwambia. "Nitamwita mwenyewe. Sitaki afundishwe maneno njiani."

Asifundishwe maneno, eti. Mzee wa watu ana miaka kumi na moja darasani.

Mama hakulifikiria hilo. Angelifikiria angeruka dirishani. Alikaa, akaweka mikono mapajani, akamsikia mkaguzi akiita uani, akasikia jembe likiegemezwa ukutani, kisha mabuti yakivuliwa moja moja kwenye kizingiti.

Mzee akaingia pekupeku. Hakukaa, maana hajakaa kwenye chumba kile tangu picha ipande. Alisimama karibu na kabati la vyombo, akavua kofia ya majani, akawasalimia wote kwa heshima, mkubwa na mdogo. Macho yake yakapita mezani. Akaona chakula hakijaguswa. Akaona mkaguzi na kalamu. Akaona mgeni aliyelia. Akamwona mkwe wake macho mekundu, na uso wa mzee ukabadilika, maana alijua leo ni siku gani. Asubuhi, akimpelekea uji, Mama alimwambia baba, leo ndiyo leo, wakikuuliza chochote usiniangushe.

Mkaguzi akamuuliza kama anaifahamu nyumba hii. Mzee akasema anaifahamu vizuri. Akamuuliza amekaa hapa tangu lini. Mzee akasema tangu ilipokuwa kiwanja kitupu.

Mama alivuta pumzi. Bibi Kofia alishusha macho kwenye kipeperushi chake. Profesa aliweka sinia mezani.

Mkaguzi akakohoa. "Sasa, mzee wangu, nijibu polepole."

Na Mama Funguo hapo akashindwa kuvumilia. Alikuwa amekaa kimya miaka kumi na moja, hakuweza kukaa kimya sekunde tano nyingine. Akainuka nusu, machozi yanamtoka, akamsihi.

"Baba, waambie ukweli. Nani aliijenga nyumba hii?"

Maneno yalipomtoka ndipo alipoyasikia. Akaona bega la mzee likinyooka. Akaona kofia ikihamishwa kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia na kuwekwa kifuani, kama inavyowekwa kila siku saa nne na saa kumi mbele ya maboga.

"Nyumba hii aliijenga Bwana Mkubwa," mzee akasema, kwa sauti kubwa na safi, akiionyesha picha kwa kidevu. "Mafundi mia moja. Mimi ni mtunza bustani tu. Kabla yake hapa palikuwa na kiwanja kitupu."

Akamtazama mkwe wake. Akamtikisia kichwa kidogo, kidogo sana, wageni wasione, kumwambia asilie, kibali amekipata.

Mama alijaribu kusema baba, hapana, lakini mkaguzi aliinua mkono kumnyamazisha, akasema shahidi ameshajibu na hataki ashawishiwe. Akaandika sentensi tatu. Akazisoma kwa sauti, mzee akaitikia baada ya kila moja, ndiyo, ndivyo, ndivyo kabisa. Profesa alikuwa anatazama sakafu ambayo baba yake aliisakafia.

Mkaguzi akamuuliza mzee kama anajua kuandika. Mzee akasema hapana, hakupata nafasi, alikuwa na kazi. Basi mkaguzi akafungua mkoba, akatoa kidau cha wino, akakisogeza ukingoni mwa meza pamoja na karatasi. Mzee akajifuta mkono kwenye suruali, vizuri, mara mbili, asije akachafua karatasi ya mkwe wake.

Mama Funguo alikuwa ameshazunguka nusu ya meza, funguo zinagongana kiunoni, kiti kimeanguka nyuma yake. Dole gumba la mzee lilikuwa limeshazama kwenye wino.